Maganda Katika Kikapu cha Mama Esperansi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nije na takataka za nyumbani kwangu, nisizipange wala kuzipunguza. Nilikuja nazo ndani ya kikapu, mwanangu Aline mgongoni, bado mchanga hata shingo haijakaza. Bwana Agronomu, mkubwa wetu wa mradi, alitandaza gunia chini kwenye kiwanja kilicho juu ya soko, wanawake wa mtaa wakazunguka, akaniambia: "Mwaga."

Nikamwaga. Maganda ya viazi, majivu, kopo la maziwa ya unga, maganda ya mayai.

"Eeh!" akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Kwao banakula mayai!"

Huyo ndiye Mama Zuzu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mdomo ambao hata ukiuziba kwa gunia utapitia pembeni. Wengine wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze na yale mayai yangu. Agronomu yeye alifurahi. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na alipenda kufundisha kwa methali alizotunga mwenyewe. "Mnaona, ndugu zangu? Takataka hazidanganyi."

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee, waliopewa kiti na hotuba siku ya kuagwa. Mimi kazi yangu imekwisha na mtoto bado ananyonya. Lakini nikingoja uzee, hasira itapoa nianze kusema uongo mtamu. Kwa hiyo naandika sasa, kwa ajili yenu wasichana mliotoka shule, mnaotafutwa kuongoza vikundi vya takataka hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Congo. Someni kabla hamjapokea kikapu.

Kazi yenyewe ni nzuri, sitaisema vibaya. Tulichambua kila kitu katika mafungu matatu: kinachooza, kinachowaka, kinachorudi. Kinachorudi ni chupa na makopo. Kopo la maziwa fundi analigeuza agatadowa, taa ndogo ya mafuta. Kinachowaka ni vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia. Tulilichanganya na udongo wa mfinyanzi na uji mwepesi wa muhogo, tukaviringa kwa mikono vidonge kama mandazi, tukavianika juani. Kimoja kinaivisha maharage polepole na kuni mtu hanunui. Kinachooza ndicho kilichogeuka mboji. Kwa kuwa chini kwetu ni mawe ya volkano na shimo halichimbiki kirahisi, tulipanga mawe hayohayo mviringo, ndani tukaweka tabaka: majani makavu, maganda, samadi, majivu kidogo, tena majani. Katikati tulichomeka kijiti cha mkaratusi. Hicho ndicho daktari wa lundo. Ukikichomoa ukakishika na kinakuchoma kiganja, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi, lundo limelala, inabidi kuligeuza.

Lundo letu la kwanza lililala moja kwa moja. Tuligeuza, tukaongeza samadi, kijiti baridi kama mkono wa maiti. Agronomu alikuja, akachota maganda, akayakamua. Maji yakatiririka.

"Haya mbona yamelowa? Mvua haijanyesha."

Wanawake wakageuka kuangalia ziwa.

"Tuliyaosha," nikasema mimi, maana nilikuwa nimewaona.

"Mmeosha... takataka?"

Mama Zuzu akajibu: "Bwana Agronomu, we ungetoka mbele ya batu na nguo chafu?"

Msicheke. Kumbukeni tulivyokuwa tunaishi. Mtaa mzima tulikuwa wageni kwa wageni. Huyu karudi kutoka Masisi kule Congo, yule kutoka Uganda, mwingine hajawahi kuondoka na anakutazama kama umekuja kumhamisha. Risasi za waasi wa porini zilisikika upande wa Bugeshi, chini ya milima, na asubuhi hakuna aliyeuliza jirani amelalaje, maana hata swali hilo lilikuwa na mkia. Mgeni akikutembelea, unamtangaza kwa Responsable, kiongozi wa serikali katika seli yetu ya mtaa, kabla hajavua viatu. Sasa katika hali hiyo anakuja mtu na kikapu anasema, leteni mnachokula, tukitazame wote! Kila mwanamke alichagua takataka zake kama anayechagua nguo ya kanisani. Mifupa ilifichwa. Maganda ya mayai yalizikwa nyuma ya choo, hata ya kwangu.

Mama Esperansi ndiye hakuwa na cha kuficha. Alikuwa amevuka kutoka Congo na watoto watatu, mume hakutajwa na hakuulizwa. Alikodi chumba kimoja karibu na mikaratusi, alikuwa mwembamba, mnyamavu, mwenye mikono ya kazi. Hakuna aliyegeuza lundo kama yeye. Mara yake ya kwanza kuchambua alimwaga kikapu na yakatoka majivu. Majivu matupu.

"Yewe!" Mama Zuzu akapiga makofi. "Kwako munakula majivu, dada?"

Tulicheka. Mama Esperansi alicheka pia, akakunja gunia lake taratibu. Kuanzia wiki iliyofuata kikapu chake kilijaa. Maganda ya viazi, ya ndizi, ya mihogo, mpaka pomoni. Hakuna aliyecheka tena.

Aline alipoanza kutembea, mimi nilihamishiwa Rubona kwa muda, kwenye bandari ndogo ya wavuvi. Kule nilijifunza mambo ya harufu. Matumbo ya samaki yanaita mbwa wa kata nzima, kwa hiyo unayazika katikati ya lundo, moyoni kabisa, na juu unaweka machicha ya bia, mabaki ya nafaka kutoka kiwandani. Lundo la Rubona lilichemka mpaka kijiti kikatoa moshi. Nilikuwa natoka asubuhi na gari za kwanza, nyumbani mume wangu anabaki na takataka, na mume wangu hajawahi kuchambua kitu chochote maishani, hata maneno. Alikuwa anatupa vyote pamoja kwenye shimo la taka la mtaa, karibu na ile mikaratusi.

Niliporudi, Agronomu aliniita pembeni. Responsable alikuwa naye, amevaa koti juani.

"Mama Aline," Responsable akasema, "we unaingiaka mu manyumba ya batu. Bon. Ule mama wa mikaratusi, iko na batoto batatu. Kikapu yake inapita ya mwenye kuwa na batu kumi. Donc, nani anakula kwake?"

"Sijui."

"Utajua. Angalia sahani. Angalia viatu kwa mlango. Batu ya porini nao banakulaka viazi, sivyo?"

Nilimtazama Agronomu. Yeye aliyesema kazi yetu ni mboji na vidonge vya makaa! Akakohoa. "Ni kuangalia tu, mama. Wewe mwenyewe unajua, takataka hazidanganyi."

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kile kikapu nilipewa na nani. Mpaka leo sijui kama mradi ulianza kwa ajili ya uchafu kisha wakaona faida nyingine, au faida nyingine ndiyo ilitangulia. Mtu akikwambia anataka kusafisha mtaa wako, muulize kwanza anataka kuona nini.

Na msidhani mimi nilikuwa mtakatifu kati yao. Shaka ni kama moshi, inaingia hata kwa asiyepika. Nilikwenda kugeuza lundo nikaanza kupekua kikapu cha Mama Esperansi kwa vidole. Viazi vimemenywa kwa visu mbalimbali: ganda jembamba, ganda nene, ganda lililokatwa vipande. Mikono mingi, nikasema moyoni. Kuna watu mle ndani. Kisha chini kabisa nikaona kipande cha kikombe cha bluu, cha plastiki, na mkono wake.

Kilikuwa cha Aline. Alikuwa amekikanyaga kikavunjika siku chache kabla, nikakifunga na maganda ya karoti nikamwambia baba yake akakitupe. Nikakirudisha palepale chini, kikapu kikingoja siku ya kuchambua.

Nilikwenda kwa Mama Esperansi mchana uleule. Mlango ulikuwa wazi. Watoto watatu wamekaa juu ya mkeka mmoja, kimya kile ambacho mtoto aliyeshiba hana. Sufuria mekoni inachemka na mfuniko unarukaruka. Macho yangu yalitafuta viatu kwa mlango kabla mdomo haujasalimu. Viatu vilikuwa vyake peke yake. Nikafunua sufuria.

Maji.

"Funika," akasema. "Batoto bakisikia inalia, banalala."

"Mama Esperansi, maganda unatoa wapi?"

"Unauliza nini na we unajua?"

"Wanasema unalisha watu wa porini! Responsable anataka kukupeleka komini, ukahojiwe ofisini. Waambie tu unaokota shimoni."

Akanigeukia, na huyo mnyamavu nikamsikia akipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Ashwi, hapana! Waseme mi nalisha batu. Mutu mwenye kulisha batu iko na kitu. Lakini usiende kusema mbele ya Mama Zuzu kama batoto yangu hawakule. Nitahama tena, Mama Aline. Nitahama na sina fasi ya kuhamia."

Nilitoka nimekasirika mpaka maziwa yalinitoka kifuani. Nikisema ukweli, namvua nguo mbele ya mtaa mzima. Nikinyamaza, wanamchukua, na waliokuwa wanaitwa komini kuulizwa, wengine walirudi hawataki tena kusalimu mtu. Na watoto watatu wale, nani angewachemshia hata hayo maji?

Siku ya kuchambua Responsable alikuja na vijana wawili wenye fimbo. Agronomu alisimama kando ya lundo, akachomoa kijiti, akakitazama kama kitamwambia jambo.

"Mama Esperansi," Responsable akauliza, "kwako munakula wangapi?"

"Bane. Mi na batoto batatu."

"Na hii maganda yote ni ya bane?"

Wanawake wote waliinama kwenye vikapu vyao. Hata Mama Zuzu alinyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaingiza mkono katika kikapu kile mpaka chini, nikatoa kikombe.

"Haya maganda ni yangu," nikasema. "Hiki ni kikombe cha mtoto wangu."

Aline, niliyekuwa nimembeba ubavuni, alikiona, akanyoosha mikono yote miwili akalia akikitaka. Mwenye koti akakitazama kikombe, akamtazama mtoto.

"Sasa maganda yako inafanya nini mu kikapu yake?"

"Mi nilimupa. Nilikuwa Rubona, anigeuzie lundo langu. Kuna sheria ya maganda?"

Nilijua swali linalokuja, kwa sababu shaka haifi, inahama nyumba tu.

"Bon. Na kwako wewe, Mama Aline, munakula wangapi?"

"Watatu. Hasira yangu ni ya nne, na leo haijakula bado."

Mama Zuzu aliangua kicheko. Sijui kama alielewa yote; nadhani alielewa. Akanyanyua kikapu chake, akakimwaga chote juu ya cha Mama Esperansi. "Na yangu nayo iko humo. Mutafute ganda ya nani ni ya nani." Mwingine akamwaga, na mwingine akakimbia nyumbani kuleta alivyoficha. Mifupa ilitoka, maganda ya mayai, vichwa vya samaki, vitu ambavyo mtaa ulikuwa umeficha tangu siku yangu ya kwanza. Vijana wa fimbo walirudi nyuma kwa harufu. Responsable alifunga vifungo vya koti akaondoka.

Lundo la siku ile lilichemka kuliko yote. Naandika hili kama fundi: takataka ambazo hazijaoshwa zina moto wake.

Mimi niliachishwa kazi kabla mboji haijaiva. Agronomu alikuja nyumbani mwenyewe, akakataa kukaa.

"Mama Aline, umeingiza siasa kwenye mbolea."

"Iliingia na koti, Bwana Agronomu. Wewe uliifungulia mlango."

Alichukua kikapu cha mradi, kikiwa na vumbi lake la makaa ndani, akaenda nacho chini ya kwapa. Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kuagwa.

Sasa nakaa nyumbani. Kuna majirani wanaovuka barabara wakiniona. Wanasema lazima kulikuwa na kitu, mtu haachishwi bure. Wengine wanasema mimi ndiye niliyekuwa nampelekea Responsable habari. Wacha waseme. Nyinyi mtakaopewa kile kikapu baada yangu, pangeni tabaka vizuri, msisahau majani makavu, na changanyeni takataka zote kabla ya mtu yeyote kuja kutazama. Akiwauliza ganda hili ni la nani, semeni ni la lundo.

Mama Esperansi bado anaishi karibu na mikaratusi. Hatujazungumza tena habari ile, na hajanishukuru, wala sitaki. Kila jioni anapita kuchukua maganda yangu, waziwazi, kwa ajili ya lundo lake, anasema. Anainua kikapu, anakipima kwa mkono, ananitazama, anaondoka. Siku hizi watoto wake wanasikika wakicheza kwa kelele.

Juzi mume wangu alishika kiazi nilichokuwa nimemaliza kumenya. Kilikuwa kimebaki kidogo kama yai la njiwa. Akatazama chini, kwenye maganda mazito, meupe, yenye nyama nene ya kiazi, akaniuliza kwa ile sauti ya shaka ambayo sote tunayo siku hizi: "Umejifunzia wapi kumenya vibaya hivi?"

Nikamwambia: "Kazini."