Basi la Baba Mkwe

Kinyaa changu na lile basi kilianza siku nilipomwona babu yangu, pale Mombo, akitiririkiwa na matapishi usoni. Babu mwenyewe tulishamzika zamani. Uso ninaousema ni ule uliochorwa nyuma ya basi, chini kidogo ya dirisha la siti ya mwisho. Abiria wa siti ile, mwanamume mzima, alishindwa na kona za kushuka mlima, akatoa kichwa nje na kumaliza shida zake zote juu ya paji la uso wa babu. Kondakta aliona. Alichukua chupa ya maji, nikadhani anakwenda kuosha, kumbe akaifungua na kunywa.

Babu ndiye aliyewaongoza watu wa kijiji chetu kuchimba barabara. Kabla ya hapo wagonjwa walishushwa kwa machela, na mvua ikinyesha hawakushushwa kabisa. Akaitisha msaragambo, siku za kazi ya wote, akatangulia yeye na jembe lake. Mawe makubwa waliyawashia moto, kisha wakayamwagia maji yakapasuka. Magari yanayopita kwetu leo yanapita juu ya jasho hilo.

Kwa hiyo tajiri mmoja wa mboga aliponunua basi na kuja nyumbani kuomba jina la babu, tulifurahi. Baba mdogo alikubali kabla hata chai haijapoa. Hakumuuliza mtu. Alichopewa ni siti ya mbele karibu na dereva, bure, wakati wowote anaotaka kusafiri, na mpaka leo utamkuta hapo amekunja nne kama waziri. Ukimwambia basi ni chafu, linanuka, kondakta anatukana wazee, anajibu, "Lakini mzee wetu ameheshimiwa." Natamani siku moja akae siti ya nyuma.

Aliyesahaulika katika furaha ile ni mama. Nyumbani kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake jina. Si mbele ya watu tu, hata peke yake jikoni hamtaji. Kaka yangu mkubwa alirithi jina la babu, na tangu anazaliwa mama anamwita Baba. Alimtandika akimwita Baba, akamfuta kamasi akimwita Baba. Sisi watoto tulicheka mpaka tulipokua tukapata akili. Sasa jina hilo hilo limeandikwa kwa herufi nyekundu juu ya kioo cha mbele, na wapiga debe wanalipigia kelele tangu alfajiri. Mama akilisikia huinamisha kichwa. Akitaka kusafiri husema, "Naenda na lile gari." Sote tunaelewa, na mambo yalikuwa yakienda hivyo.

Juzi nilimpeleka Lushoto kwenye kliniki ya macho. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, bado haoni vizuri. Tulipanda lile basi kwa sababu asubuhi ile hapakuwa na jingine. Sakafu ilikuwa na utelezi wa maji ya samaki, na kondakta alimsukuma mama kiunoni huku akisema, "Sogea, bibi, hapa si sebuleni kwako." Nilimtazama baba mdogo kule mbele. Alikuwa anasinzia.

Tulipofika stendi nilimkalisha mama kwenye benchi, nikaenda kununua mkate. Nilipokuwa dukani yeye akagundua kuwa kapu lake limebaki kwenye basi, na ndani ya kapu mna miwani na dawa ya macho. Bila miwani ile mabasi yote kwake yalikuwa mabonge ya rangi. Akaanza kuwauliza wapiga debe. Niliporudi nilimkuta katikati yao, wanaume wanne watano wenye nguvu zao, wamemzunguka wanacheka.

"Basi gani, bibi? Mabasi hapa yana majina."

"Lile lililotuleta asubuhi kutoka juu."

"Yote yametoka juu. Taja jina."

"Lile la mzee," mama alisema. "Mzee aliyechimba barabara."

Wakatazamana. Watu hawa wanaliimba jina la babu kutwa nzima, lakini hakuna hata mmoja aliyejua ni la nani. Mmoja akauliza, "Barabara si imechimbwa na serikali?" Mwingine akasema, "Bibi, unatupotezea muda. Kuna moja linaondoka sasa hivi kwenda Mombo. Kama ni hilo, kapu lako ndio limekwenda."

Nilitupa mkate, nikawa najipenyeza katikati yao ili nilitaje mimi. Sikuwahi. Mama alikuwa ameshafunika mdomo kwa kona ya kanga, na nyuma ya kanga ile akalitaja.

"Hatujasikia, bibi! Paza sauti!"

Akateremsha kanga. Akalitaja mara ya pili, kwa sauti, katikati ya stendi. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake, na nikatazama chini, kama mtu anayeona mama yake akivuliwa nguo hadharani.

"Aaa, si ungesema mapema!" wakapiga kelele kwa furaha, na mmoja akalirusha jina hilo upande wa pili wa stendi. Basi likajibu kwa honi. Lilikuwa ndilo hilo linaloondoka.

Tulilikimbilia. Kondakta alikuwa amesimama nyuma, karibu na ile picha, kapu la mama liko miguuni mwake limelowa maji ya samaki. Alilisukuma kwetu kwa kiatu. Miwani ilikuwemo, na dawa pia. Nilikuwa na matusi ya kutosha ya kumpa yeye, tajiri wake na baba mdogo, nikafungua mdomo, lakini mama alinishika mkono.

Alivaa miwani. Akaona alipo, akaona ni uso wa nani ulio mbele yake, umepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Papo hapo akageuza uso wake pembeni, kama alivyofanya kila babu alipoingia nyumbani. Akakunja magoti, miguu ile ile isiyomwezesha tena kupanda kitanda bila kushikwa.

"Shikamoo, Baba," alisema polepole. "Nisamehe."

"Marahaba, bibi," kondakta akaitikia, kisha akalipiga shavu la babu kwa kiganja, paa, paa, dereva aondoe gari.