Telegramu Mfukoni, Gitaa Jukwaani

Daftari langu la mwaka ule lina sentensi tatu tu kuhusu ile Jumapili. Nimeandika: "Leo bugi. Gitaa lilikuwa zuri mno. Mtani amepata habari ya mama yake." Zote tatu ni kweli. Nimezisoma mara nyingi, na kila nikizisoma naona jinsi mtu anavyoweza kuandika kweli tupu na bado akaficha. Sasa nataka kuandika yaliyobaki. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma anivumilie nikienda mbele nikarudi nyuma.

Nilikuwa mpakia mizigo stesheni ya Tabora. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka huku kwetu mpaka Bagamoyo, mimi nikasukuma toroli kutoka behewani mpaka ghalani, tofauti yetu ikawa ni gurudumu tu. Miaka ile ilikuwa ya vijiji vya ujamaa. Nilipakua majembe, mabati, mbegu za tumbaku za watu wa Goweko, na mablanketi ya wakimbizi waliopelekwa Ulyankulu. Kazi haikuwa mbaya. Nilikuwa na mke, watoto watatu, na suruali moja ya bugaluu, pana miguuni, rangi ya kahawa, ambayo niliivaa Jumapili mchana peke yake.

Suruali hiyo ilikuwa ya muziki. Sijui nieleze vipi. Wenzangu walipenda dansi la kawaida, lenye maneno ya mapenzi na ya kilimo, na hata mimi nililicheza. Lakini kwenye redio ya fundi cherehani mmoja nilikuwa nimesikia roki, gitaa la umeme linalolia kama chuma kinachokatwa, na tangu siku ile nikawa mgonjwa wake. Kiingereza sikujua hata neno. Baadaye redio ikapunguza nyimbo za kigeni, wakasema tujenge za kwetu, na sikatai, walikuwa na hoja yao. Ila mimi nilibaki na njaa.

Bendi moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikija kwa gari moshi mara moja kwa mwaka. Usiku walipiga dansi la wakubwa, na Jumapili mchana wakapiga bugi ya vijana. Mpiga gitaa la solo ndiye aliyejua roki. Kiongozi wao alimruhusu wimbo mmoja tu wa namna hiyo katika kila bugi, maana kuna mahali walikwisha kuonywa. Wimbo mmoja kwa mwaka. Niliungoja kama mtu anavyongoja mvua.

Mimi ndiye niliyepakua vyombo vyao. Mara ya kwanza nilipoinua spika kubwa begani, mpiga gitaa akawaambia wenzake, "Mwacheni. Mnyamwezi bila mzigo hata njia haioni."

Nikamjibu, "Na Mzaramo bila ngoma hata uji haupiki. Kaa kivulini, tukufanyie kazi kama zamani."

Wakacheka. Hapo ndipo utani wetu ulipoanza, ingawa kusema kweli ulianza kabla hatujazaliwa. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu wakati wa misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia akaondoka nayo, kukutoza faini kwa kosa la kutungwa, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe makaburini kwako. Na habari mbaya ikija, yeye ndiye anayepewa aifikishe, kwa sababu anajua namna ya kuingia nayo.

Tulitaniana hivyo miaka miwili. Mwaka wa tatu walifika Ijumaa. Mpiga gitaa alishuka na viatu vya raizoni vyenye visigino virefu, akaniona, akaniambia Jumapili angenipigia mimi ule wimbo, jina langu angelitaja kwenye kipaza sauti. Nikamwambia aache uongo wa pwani. Akaapa.

Jumapili yenyewe nilikuwa zamu ya asubuhi. Yapata saa tano, mzee wetu wa telegramu aliniita dirishani. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama, akanisukumia karatasi. Ilikuwa ya yule mpiga gitaa. Shemeji yake alikuwa mtu wa reli huko Dar, ndiyo maana ilipitia stesheni. Imeandikwa: MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI.

Mzee akasema, "Wewe ni mtani wake. Mpe wewe, taratibu."

Kwetu hakuna anayeandika kifo kwenye telegramu. Mtu akifa huandikwa anaumwa, akifa ghafla huandikwa anaumwa sana, ili msafiri afike nyumbani na moyo wake ukiwa mzima. Nimepokea telegramu mbili za namna hiyo maishani mwangu na zote mbili nilikuta matanga. Kwa hiyo mimi na mzee tuliisoma karatasi ile tukamwona maiti. Niliikunja, nikaiweka mfukoni mwa shati, nikafunga kifungo.

Gari la pwani lilikuwa linaondoka saa kumi na nusu siku ile. Jingine lilikuwa Jumanne. Hili nililijua kuliko mtu yeyote, ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nataka kuwa wa haki, hata kwangu mwenyewe. Nilipotoka stesheni nilikuwa na nia ya kumwambia. Nilimkuta nyumbani kwangu tayari, nilikuwa nimemwalika chakula cha mchana, amekaa mkekani anawatania wanangu kwamba baba yao aliuzwa Bagamoyo kwa kipande cha kaniki. Mtu hapewi msiba na njaa tumboni. Hiyo ni desturi na ni desturi nzuri. Nikanawa, tukala ugali kwa kuku wa karanga. Alikula vizuri. Alisifu michembe, vile viazi vitamu tunavyokausha kisha tukavichemsha, akamwomba mke wangu amfungie kidogo ampelekee mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa na meno mabovu na vitu vya kulainika ndivyo alivyopenda.

Mke wangu alinifuata nyuma ya nyumba nilipokwenda kumwaga maji. Alikuwa ameiona karatasi ikichungulia mfukoni mwangu. Nikamweleza.

Akasema, "Anafungiwa michembe ya mtu aliyekufa, na wewe umekaa tu. Akimaliza kunawa mwambie, baba watoto."

Nikasema sawa.

Alimaliza kunawa. Sikumwambia. Ilikuwa saa saba na robo. Nilijiambia watoto wako karibu. Tulipotoka nilijiambia barabarani si mahali pake. Tulipofika ukumbini wenzake walikuwa wanaunganisha nyaya, nikajiambia nisubiri apate nafasi ya faragha. Kila sababu ukiitazama peke yake ina miguu. Ni zikisimama pamoja ndipo unaona kwamba zote zilikuwa zinanielekeza mahali pamoja, pale mbele ya spika.

Na nilikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi, nayo sitaiacha. Nilijiambia: mama amekwisha kufa. Watu wa pwani ni Waislamu kama sisi, watamzika leo au kesho asubuhi. Gari la leo au la Jumanne, atakachokuta ni kaburi. Akipiga hizi saa nne za bugi hakuna kinachoharibika, na huenda ikawa ndiyo furaha yake ya mwisho kwa muda mrefu. Nilijiona mwema, tena sana, na hilo ndilo linalonichoma.

Bugi ilianza saa nane. Ukumbi ulijaa vijana wa shule, makarani, wasichana waliobadilisha nguo kwa mashoga zao ili wasionekane na wazazi. Walianza na nyimbo za kusifu kilimo, tukacheza. Wakapiga za mapenzi, tukacheza. Nilikuwa nimevaa bugaluu yangu, na kila nikigeuka nilisikia karatasi inakwaruza kifuani.

Saa kumi na dakika ishirini kiongozi alimpa nafasi. Mpiga gitaa akasogea mbele, akashika kipaza sauti, akataja jina langu kweli, akasema, "Huu ni wa mtani wangu, mbeba mizigo. Leo shusha, upumzike."

Watu wakacheka, wakanisukuma mbele. Akaanza.

Siwezi kusema gitaa lilikuwa baya. Ningeandika kwamba sikulisikia, kwamba dhamiri ilinizibia masikio, nikaonekana afadhali. Nililisikia lote. Gitaa lilipanda, likakaa juu pale muda mrefu, likatetemeka, na mimi nywele za mikono zilisimama. Alifumba macho. Alipiga mara mbili ya urefu wa kawaida, kiongozi akimtazama kwa jicho la kuonya, naye haoni. Katikati ya hapo nikasikia honi ya gari moshi. Stesheni haiko mbali. Ilipiga mara moja ndefu, na mimi niliyezoea honi zile nilijua kwamba gadi wa gari amekwisha kuinua bendera. Nikaendelea kusimama. Mguu wangu ulikuwa unapiga chini kufuata ngoma. Huo mguu nimeukumbuka miaka yote.

Nilimpa karatasi saa kumi na mbili, jua bado lipo, kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi. Niliingia taratibu kama inavyotakiwa, nikamuuliza habari za nyumbani, nikamshika mkono. Alisoma mara mbili.

Akauliza, "Imekuja saa ngapi?"

Nikasema, "Imekuja leo."

Sikusema uongo. Aliniuliza gari, nikamwambia limeondoka, lipo la Jumanne. Alikaa kwenye ngazi. Raizoni zake zilikuwa na vumbi, nikaona nimpangusie, nikasita. Siku mbili zile alilala kwangu. Hakushika gitaa. Mke wangu alimpikia, alimfulia, na mimi hakunisemesha isipokuwa kuniambia chakula tayari.

Jumanne nilimpandisha garini, nikampa kifurushi cha michembe. Alikuwa amekisahau.

Mwaka uliofuata bendi ilirudi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno ya pole kwa miezi. Alishuka amekonda kidogo, akanitania kama zamani, nikashukuru. Kisha tukakaa juu ya masanduku ya vyombo, wenzake wamezunguka wananunua asali kwa akina mama, naye akanisimulia bila mimi kuuliza.

Mama yake hakuwa amekufa. Shemeji aliandika mgonjwa sana kwa sababu alikuwa mgonjwa sana. Alikuwa macho, akiongea, akimuulizia mtoto wake kwa kila aliyeingia. Alifariki Jumatano alfajiri, akazikwa adhuhuri, na mtani wangu aliteremka Dar Jumatano jioni.

"Nilikosa gari moja tu, mtani," akasema. "Lile la Jumapili. Ningemkuta, na Jumanne yote tungekuwa naye."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa analaumu reli.

Nikamwambia. Sijui nguvu niliipata wapi. Nikasema, "Mtani, ile karatasi niliipokea saa tano asubuhi. Nilikaa nayo. Nilitaka unipigie ule wimbo kwanza."

Alinitazama. Wale wenzake waliokuwa wakinunua asali wakageuka. Halafu akapiga makofi, akacheka mpaka akainama.

"Mmemsikia huyu?" akawaambia. "Mwaka mzima amekosa la kunitania, sasa amemfukua mama yangu."

Nikasema, "Sitanii."

"Kila mtani husema hivyo." Akasimama, akaninyooshea kidole. "Umevuka mpaka, Mnyamwezi. Faini. Jogoo, na awe mkubwa, kabla hatujaondoka."

Wenzake wakashangilia, wakaanza kudai na shingo iwe nene. Na mimi, nataka niandike hili bila kulipamba, mimi nikacheka. Nikasema majogoo ni wengi kwetu, nyinyi pwani mnafuga kunguru tu. Mlango ulifunguka kidogo, nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Inawezekana alielewa. Nimelifikiria hilo sana. Inawezekana alinichagulia utani kwa sababu alikuwa mwema kuliko mimi na hakutaka tugombane juu ya masanduku mbele za watu. Lakini nikiamini hivyo nitakuwa nimejipa msamaha ambao hakuna aliyenipa. Basi naliandika tu kama jambo linalowezekana.

Bugi ya mwaka ule sikwenda, nilisema nina zamu. Jumanne nilimpelekea jogoo mwekundu wa mke wangu, nimemfunga miguu kwa kamba ya katani. Alimpokea dirishani kwa vishindo, akamwonyesha behewa zima, akamlaza juu ya sanduku la gitaa. Gari likaondoka.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anapepeta karanga uani.

Akauliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amechukua jogoo."

Alipepeta kidogo, akaweka ungo chini.

"Basi hujamwambia," akasema.