Kunyamaza kwa Kiingereza

Jumamosi, kwenye duka la fotokopi hapa Tunduma, nilisimama nyuma ya mwalimu wa Kiingereza wa sekondari moja ya Isansa. Alikuwa akiongea bila kupumzika: mvua, barabara, kahawa.

"Mwalimu, leo una mdomo cherehani!" dada wa mashine akamtania.

"Shuleni Kiswahili ni marufuku, dada. Nikiingia darasani wananisalimu kwa sauti moja, halafu kimya mpaka kengele."

Akanionyesha daftari la mwanafunzi. Alikuwa amewafundisha neno la Kiingereza la 'mpweke', akawataka watunge sentensi. Huyu, kwa Kiingereza cha kuungaunga, aliandika kwamba mwalimu wetu ni mpweke kwa sababu sisi tunanyamaza kwa Kiingereza.

"Umempa ngapi?" nikauliza.

"Zote. Makosa ya sarufi nilishindwa kuyagusa."

Wakubwa walioweka marufuku hiyo sijui wangempa ngapi.

Nakala zake zilikuwa tayari, lakini alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Nilikuwa nawahi basi. Hata hivyo nikamuuliza habari za kahawa, ambazo nilikwisha kuzisikia zote.

Akaweka nakala chini, akaanza mwanzo.