Dakika Mbili za Leonce

Leonce alikuwa fundi wa maneno. Pale Alief, mtaa wa wahamiaji jimboni Texas, harusi ya Warundi haikuanza mpaka yeye aseme, na akishashika kipaza sauti, wapishi walirudisha chakula jikoni kipashwe moto upya. Siku za kazi alipakia magodoro ghalani, kimya.

Tangu shule zifunguliwe Agosti 2018, binti yake Mélissa alikuwa akirudi nyumbani ameloa jasho. Kipoza hewa cha darasani kilikuwa kimekufa, na shule haikuwa na fedha. Leonce alikuwa akijisomea mtihani wa uraia, na katika kupekua alikuta katiba ya jimbo inawaagiza wabunge wagharamie shule za bure. Akaenda kwa jirani yake Kigen, wakili Mkenya.

"Nataka kuishitaki Texas."

"Umechelewa, mzee. Wilaya za shule kwa mamia zilishaishitaki. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema mfumo wa fedha una kasoro tele, ila haujavunja katiba."

"Kumbe nyumba hata ikivuja ni nyumba tu."

"Kisheria, ndiyo. Wa kuiezeka ni wabunge. Mwezi Machi watasikiliza wananchi kule Austin, makao makuu ya jimbo. Kila mtu dakika mbili."

"Mbili za nini?"

"Za kusema yote."

Leonce alimtazama kwa huruma, kama anayemsikia mgonjwa akiweweseka.

Alifanya mazoezi majira yote ya baridi. Mkewe Dévote alimpimia muda kwa saa ya jikoni.

"Ondoa salamu," alimshauri.

"Niingie nyumba ya watu bila hodi?"

Machi ikafika. Kigen akampeleka Austin, akakaa kando yake kama mkalimani. Leonce alimsalimu mwenyekiti, akawasalimu wajumbe na waliobaki majumbani mwao, kisha akawatakia ng'ombe wengi, kama Warundi wasalimianavyo. Mbunge mmoja mfugaji alishukuru, akasema ng'ombe wake hawajambo ila nyasi ndizo zinazomsumbua. Leonce akampa pole ya kutosha. Taa nyekundu ya kuonyesha muda umekwisha ikawaka.

"Bwana," mfugaji akauliza, "ulikuja kusema nini hasa?"

Ile taa ilikuwa imemfutia hotuba yote.

"Darasa la binti yangu lina joto," alisema.

Ukumbi ulicheka, naye akaondoka. Njia nzima hakusema neno, na Kigen, aliyezoea kumwomba anyamaze, alifungua redio kwa hofu.

Mwezi Juni sheria mpya ikaziongezea shule fedha, na kabla ya muhula mpya kipoza hewa kikatengenezwa. Alief nzima ikampongeza Leonce. Yeye alijua si yeye, na sifa zile zilimchoma. Kwenye karamu baada ya misa walimpa kipaza sauti.

"Asanteni," alisema, akaketi.

Watu walitazamana. Dévote alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Wapishi, kwa mara ya kwanza, wakakimbilia sahani.

Kisha Leonce akainuka tena. Kumbe alipoketi alikuwa anavuta pumzi tu.