Bunduki ya Mjerumani na Tupa ya Kuazima

Kwetu Mkunya, kila mjukuu aliijua hadithi ya bunduki ya babu kabla hajajua kuhesabu: baba yake babu alimnyang'anya Mjerumani vitani. Bibi ndiye aliyeisimulia kwa madaha kuliko wote. Alikuwa ameposwa na mwalimu wa Lulindi, mwenye baiskeli, akamkataa, akaolewa na mwenye bunduki.

Babu alipofariki, mtani wetu wa Lupaso alikuja msibani na fimbo begani, akajifanya ni babu mzaa babu anamkimbia Mjerumani huku ameshikilia suruali. Wafiwa walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, nikaapa kumfunga mdomo kwa ushahidi.

Baba mdogo, mwenye kibali cha bunduki ile na vita visivyoisha na nguruwe pori wa mihogo yake, alikubali tuikague. Juu ya mtutu, mahali pa chapa ya kiwanda, palikuwa pamekwanguliwa. Nikasema ni kutu. Tulipoondoa ubao wa chini tukakuta taji dogo na maandishi kwamba imetengenezwa Uingereza. Nikatuma picha kwa wapenzi wa bunduki za zamani mtandaoni. Wakanijibu kwamba taji la namna hiyo lilianza kupigwa vita vile vimeshapoa zamani. Tena pale juu si kutu, ni mikwaruzo ya tupa.

Kumbe mtani alisema kweli. Iliniuma, lakini nilimwogopea zaidi bibi, aliyeacha mtu na baiskeli yake kwa ajili ya hadithi. Nikaamua kunyamaza. Baba mdogo, ambaye mdomo wake hauna komeo, alikuwa ameshamwambia.

Nilimkuta uwani anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia mmemvua nguo mume wetu."

Nikaanza kuomba radhi. Hakunisikiliza.

"Alikuja kwetu kuazima tupa ya kunolea majembe, siku chache kabla ya kuleta posa. Akairudisha imekwisha meno, na vidole vyake vimechubuka vyote. Nikajua kuna kitu anakisugua ili mimi nisikione."

"Sasa ukamkubali vipi, bibi, na ulijua?"

"Yule mwalimu hakuwahi kuchubuka kwa ajili yangu."

Akanipa kisu na muhogo nimenye.

"Na mtani akija," akasema, "mwambie ni ya Mjerumani."