Kompyuta Iliyompigia Mluzi Mama Mkwe

Nikiongeza chumvi hata punje moja, radi ya Samuye inichague mimi peke yangu.

Mwaka 2006, hapa Ibadakuli, kompyuta ilimpigia simu mama mkwe wa mtu mara kumi na saba kwa siku moja. Kila alipopokea, ilimpigia mluzi.

Nilikuwa nimestaafu ufundi wa simu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu.

Jirani yangu Maganga, mwenye steshenari, alinivua nguo msibani.

"Mzee Edward na kompyuta? Huyo ni wa nguzo na ngazi, mwacheni apande!"

Watu wakacheka. Hata mfiwa.

Nikameza kama ng'ombe: cha kucheua baadaye.

Miezi miwili haijaisha, huyo mlangoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nguzo zimekuishia?"

"Nisamehe, baba. Kompyuta yangu ya Linux haiingii mtandaoni. Modemu inagoma."

Nikaenda. Modemu ilikuwa inasubiri mlio wa laini kabla ya kupiga namba. Laini zetu mlio wake dhaifu, haiusikii, inakata tamaa.

Nikafungua faili la mipangilio, nikaandika X3. Nikamwambia Maganga maana yake: usisubiri mlio, piga tu.

Ikaingia! Maganga akaruka kama mchimbaji wa Bugarama aliyeona dhahabu. Akatoka kuninunulia soda.

Hapo nikacheua.

Nikafuta namba ya mtandao, nikaweka ya mama mkwe wake, Bi Theopista. Ile laini niliivuta mwenyewe, namba ninayo kichwani.

Mkwe kwetu mnamjua. Hata kivuli chake hukikanyagi.

Kesho yake Maganga anabonyeza, bibi anapokea.

"Haloo?"

Piiii! Piiii!

Na simu yake ilikuwa na kioo cha kuonyesha namba ya anayepiga.

Jioni bibi akatua kwa Maganga na kaka zake wawili.

"Mkwe ananipigia mluzi! Nelly mwanangu, funga mizigo. Ng'ombe wao kumi na wawili wa mahari watarudi kesho!"

Nelly analia. Maganga anaapa mpaka mate yanamkauka. Wazee wa mtaa wakaitwa, nami nikakaa mbele na koti langu la Jumapili. Raha iliyoje!

Nelly alipoanza kukunja kanga zake, nikainuka kidogo kitini. Kidogo tu. Nikakaa tena.

Ila nilisahau kitu. Bi Theopista naye ni mstaafu wa simu, miaka ishirini kwenye suichibodi.

"Nani aliigusa hiyo mashine mara ya mwisho?"

"Mzee Edward, mama."

Akanitazama, akacheka kwa pua.

"Fungueni pale alipotengeneza. Fundi wa simu haondoki bila kusaini ndani ya boksi."

Ole wangu! Miaka thelathini, kila boksi nililolifunga niliandika jina na tarehe ndani ya kifuniko. Mkono ulishazoea.

Mwenyekiti wa mtaa akasoma kwa sauti, mstari wa juu kabisa wa faili: "Kazi ya Edward, fundi. 14/8/2006."

Chini yake, namba ya Bi Theopista.

Ndoa ikapona. Mimi nikapigwa mchenya, faini ya kimila: nilishe mtaa mzima. Mabeberu wawili, gunia la mchele, na kumnawisha Maganga mikono mbele ya watu.

"Mimina vizuri, mzee wa nguzo," akaniambia. "Usisubiri mlio."

Wadogo zangu, mkilipiza kisasi, kilipizeni hovyohovyo. Kikitoka vizuri, mkono utataka kusaini.