Kocha Aliyekula Kila Nyumba Isipokuwa Moja

Mungu hugawa vipawa apendavyo. Huyu humpa sauti, yule humpa mbio, na Ardell Pickens wa mji wa Opala, Mississippi, alimpa tumbo. Msicheke. Tumbo lile ndilo lililomjengea nyumba ya matofali na kumwingiza kwenye kurasa za magazeti, wakati wenye mbio wa rika lake wanasukuma majokofu dukani.

Ardell alikuwa kocha msaidizi katika chuo cha mjini, kwenye mpira wa Wamarekani, ule wanaoukumbatia kwa mikono kutwa nzima na bado wakauita mpira wa miguu. Nimekaa nao miaka na nimewauliza sana, na hajatokea wa kunijibu nikaelewa. Kazi yake haikuwa kufundisha watu kudaka. Kazi yake ilikuwa kuwavuta vijana wa sekondari waje kuchezea chuo, na kijana wa kule havutwi uwanjani, huvutwa sebuleni kwa mama yake. Kocha huja nyumbani, hukaribishwa kwenye kochi lile ambalo watoto wa nyumba hawaruhusiwi kulikalia, huwekewa sahani. Akila akaongeza, akasifu mchuzi, akauliza nani kaupika ilhali anamwona mpishi mbele yake, basi nusu ya kazi imekwisha. Asipofika, hata apige simu mpaka iungue, mama huwa amekwisha kujua la kujua: mwanangu hatafutwi, anaokotwa.

Hakuna aliyelijua hilo kuliko Ardell. Alikula kamba wa mtoni New Orleans mpaka vidole vikavimba. Dallas alikula mbavu za ng'ombe akasahau jina la kijana aliyemfuata. Miami, kwa familia ya Wahaiti, alitiliwa pilipili iliyomtoa machozi, akasema ni machozi ya furaha, mama wa watu akamkumbatia na kijana akasaini. Wenzake walimwita Sinia.

Sasa, katika mtaa uleule aliokulia Ardell, nyumba chache kutoka ilipokuwa ya mama yake marehemu, alikuwapo kijana Quindell Tarpley. Mkubwa kama mlango wa ghala. Alicheza mstari wa mbele, wale ambao kazi yao ni kusimama na kukataa kusukumwa, na aliifanya kana kwamba miguu ina mizizi. Alilelewa na bibi yake, Bi Ozella, mpishi mkuu wa kanisa la Mlima Nebo na mwalimu wa shule ya Jumapili, ndiye aliyemfundisha Ardell mwenyewe zaburi na kumfinya masikio.

Kocha mkuu wa chuo alikuwa Stroud, mtu wa Nebraska, mgeni mjini, mkavu, wa maneno ya kupima.

"Huyu Tarpley vipi?" aliuliza.

"Yuko mfukoni, bosi."

"Mfuko una tundu?"

"Ah! Mtoto kazaliwa anasikia bendi yetu ya chuo kutoka kitandani. Aende wapi?"

Na hapo ndipo werevu wake ulipogeuka ujinga. Waswahili tunasema usiache mbachao kwa msala upitao. Ardell hakuwa Mswahili, hakuonywa.

Bi Ozella alimwita chakula Jumapili baada ya ibada. Alipika mkia wa ng'ombe, sukuma wiki iliyochemshwa na mguu wa nguruwe, viazi vitamu, mkate wa mahindi. Ardell akapigiwa simu kwamba kuna kijana Atlanta anayekimbia kama mwizi, akaenda Atlanta. "Bi Ozella ataelewa," alisema. Akaelewa. Jumapili nyingine akapika tena, Ardell akawa Texas. Bi Ozella akaelewa tena, ila mara hii hakusema kwamba ameelewa.

Jumapili ya tatu Ardell alikuwapo mjini. Tena yuko nyumbani, amechoka na ndege, amechoka na makochi ya watu, hataki kumsifu mpishi yeyote. Akajisemea: huyu ni wetu, nitampitia wiki ijayo. Njaa ikambana. Akavaa malapa, akaenda kituo cha mafuta pale njia panda, wanapouza kuku wa kukaanga kwenye maboksi ya karatasi, akasimama anatafuna paja kando ya pampu. Gari likasimama mbele yake. Ndani walikuwamo Shemasi Hubbard na mkewe, wamevaa nguo za kanisani, bado wamevaa na kofia.

"Kocha," shemasi akasema, akitazama lile paja. "Sisi tunaelekea kwa Bi Ozella. Ametualika tuje tule na wewe."

Ardell akameza bila kutafuna. "Niko njiani, shemasi. Nimeonja tu hapa kidogo."

"Na malapa?"

 Mke wa shemasi alipandisha kioo cha gari taratibu, kama mtu anayefunga kaburi.

Angekwenda hata na malapa yake, yangekwisha. Lakini aibu ina tabia mbaya: humshauri mtu ajifiche, kisha ndiyo inayomtafutia mahali pa kujificha. Ardell alirudi nyumbani akafunga pazia. Kesho yake Stroud alipomuuliza ziara ilikwendaje, alijipigapiga tumbo akasema, "Nimekula mpaka nikalegeza mkanda, bosi." Uongo ulimtoka laini kiasi kwamba yeye mwenyewe alikaribia kushiba.

Habari mbaya aliipata kwa kinyozi Thurman, siku moja kabla ya vijana wote wa nchi kutangaza vyuo vyao. Thurman alimfunga shuka shingoni kwanza, asije akakimbia.

"Sinia! Umesikia kuna kocha mzungu kutoka Ohio alikuja mtaani kwenu?"

"Ohio? Kuna nini Ohio zaidi ya theluji?"

"Kuna adabu, inaelekea. Kaendesha gari usiku kucha. Kakaa kwa Bi Ozella mchana mzima. Kala mguu wa nguruwe, kanyonya na mfupa, kaosha vyombo!"

"Mzungu gani anaosha vyombo vya Bi Ozella?"

"Huyo huyo. Tena Ijumaa ya wiki hiyo kasimama kwenye uzio wa shule, mvua inamnyeshea, anamwangalia Quindell akifanya mazoezi. Tukamuuliza, unaangalia nini kwenye matope? Akasema, naangalia miguu." Thurman akazungusha kiti ili wanaongoja waone vizuri. "Na wewe, Sinia, wanasema kuku wa njia panda siku hizi anapikwa vizuri sana."

Duka zima likacheka. Mzee mmoja kwenye benchi alicheka akakohoa, akapigwa mgongoni, akacheka tena. Ardell aliondoka amenyolewa upande.

Jioni ile alikwenda kwa Bi Ozella. Hakuwa amepanda ngazi zile tangu msiba wa mama yake, bibi huyu alipompikia siku zote za matanga. Bi Ozella alikuwa barazani na sweta lake. Hakuinuka, na hakumwonyesha mlango wa sebuleni.

"Ardell Pickens. Umenenepa."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimekupa. Ilikuwa yako tangu juzi, hukuja kuichukua tu. Kaa hapo kwenye ngazi."

Akakaa kwenye ngazi, mtu mzima na koti lake la chuo. Akaanza yale maneno anayoyajua, ya masomo, ya uwanja mpya, kisha akatoa turufu. "Na tena, mama, akibaki hapa utamwona kila Jumamosi. Hutapanda hata gari."

"Hilo ni langu mimi," Bi Ozella alisema. "Mimi najua faida ya mtoto kukaa karibu. Kanisa zima linaijua, walikwisha kununua fulana za chuo. Nakuuliza wewe. Wewe unamtakia nini?"

Ardell akafungua mdomo. Mdomo uliosifu michuzi ya majimbo kumi na mawili ukarudia habari ya uwanja mpya.

Quindell alitoka ndani, akainama kidogo ili kichwa kisigonge mlango. Alikuwa kijana mpole, alimpa kocha mkono.

"Kocha, naomba nikuulize. Uliwahi kuja kuniona nikicheza?"

Uwanja wa shule uko mwisho wa mtaa ule. Taa zake zinaonekana kutoka barazani.

"Nimeona video zako zote, mwanangu."

"Sawa," Quindell alisema. Hakulisema kwa hasira. Kama angekasirika, Ardell angepata pa kushika. "Mimi nilikuwa nakuangalia ukipita na gari. Nilikuwa nasimama wima zaidi."

Bi Ozella alitazama barabara. Ardell alitazama viatu vyake, vya ngozi, alivyopewa Dallas.

Asubuhi yake, kwa kuwa kanuni zao hazimruhusu kocha kuhudhuria shuleni kijana anapotangaza, makocha walikusanyika ofisini kwa Stroud mbele ya televisheni, na keki mezani yenye jina la Quindell kwa sukari ya buluu. Aliyeiagiza keki ni Ardell, zamani zile kijana alipokuwa mfukoni. Kwenye skrini ukumbi wa shule ulijaa pomoni, kwaya ya Mlima Nebo imekaa safu ya mbele, na karibu nusu yao wamevaa buluu ya chuo cha nyumbani. Mezani palikuwa na kofia tatu, kila moja ya chuo chake. Quindell hakufanya michezo ya kunyanyua hii na kuirudisha, kama wafanyavyo wenzake. Alichukua ile nyekundu ya Ohio, akaivaa. Ukumbi ulikaa kimya, kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine, kwa sababu ni mtoto wao hata akienda mwezini.

Mtangazaji wa redio alimsogezea Bi Ozella kipaza sauti. Mama, kwa nini asibaki nyumbani?

Ardell alisogelea skrini. Mama yule angeweza kumwanika kama samaki.

"Amekwenda alikotafutwa," Bi Ozella alisema, akamrekebishia mjukuu kofia. Basi.

Stroud alizima televisheni. Akageuka polepole.

"Alikotafutwa? Wewe si ulikula mpaka ukalegeza mkanda?"

Hapa Ardell angeweza kuongeza uongo, kipaji anacho. Lakini mwanamke aliyemfinya masikio alikuwa ametoka kumsitiri mbele ya jimbo zima, na kusitiriwa na mtu uliyemkosea kunawasha kuliko upupu.

"Sikwenda, bosi."

"Mara ngapi?"

"Zote."

"Kwa nini?"

"Niliona ni wetu."

Stroud alikata kipande cha keki, akakirudisha. Hakumfukuza. Kufukuzwa kungekuwa nafuu. "Kuanzia leo hupandi ndege," alisema. "Atlanta wataenda wengine. Wewe utafanya kazi umbali ambao mama yako angeweza kukuita uje kula."

Msimu ulipofika mji ulilipiza kwa lugha yake. Mchezaji wa mbali huja na begi lake. Wa nyumbani huja na shangazi, na kwaya, na kinyozi, na mwalimu aliyemfelisha hesabu, na wote wananunua tiketi na wote wanapiga kelele timu ikiwa nyuma. Vijana wa Ardell wa Texas na Florida walicheza vizuri hadi walipofungwa mfululizo, kisha wakaanza kuulizia vyuo vingine. Upande wa mashariki wa uwanja wa chuo, ambao Mlima Nebo walikuwa wameujaza kwa miaka, ulibaki mabenchi na njiwa. Basi dogo la kanisa lilikuwa barabarani kuelekea Ohio, na mwavuli wa Bi Ozella umefungwa juu kwa kamba, kama bendera.

Ijumaa ya wiki hiyo ya basi, Ardell alikwenda uwanja wa shule mwisho wa mtaa. Alilipa kiingilio kama watu wote. Alipopanda mabenchi mazungumzo yalishuka, kama redio inapopunguzwa sauti. Mke wa Shemasi Hubbard alikuwa pale, hakwenda Ohio kwa sababu ya magoti yake mabovu.

"Umepotea, kocha?"

"Nimekuja kutazama, mama."

"Kumtazama nani?"

Ardell aliangalia uwanjani. Vijana walikuwa wanajipanga, migongo yenye namba, watoto wa watu aliosoma nao, na hakumjua hata mmoja kwa jina.

"Sijui bado," alisema.

Mama yule alimpima kutoka kofia hadi viatu. "Afadhali umesema kweli." Ardell akataka kukaa kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando yake, mama akaweka mkono pale. "Hapo hapana. Hapo ni pa Bi Ozella."

"Si yuko Ohio?"

"Yuko Ohio. Na hapo ni pake."

Mahali pengine popote pangemfaa, mabenchi yalikuwa na nafasi, na hakuna aliyemkataza kukaa. Lakini hakuna aliyesogea. Ardell akashuka, akaenda kusimama kwenye uzio, mtu mzito, mikono kwenye waya. Akamuuliza mzee aliyesimama kando yake, yule wa namba sabini na moja ni mtoto wa nani.

"Wa Lottie," mzee akajibu bila kumtazama. "Mlikaa naye dawati moja."